Aliyeuza Shamba Kabla ya Reli

Jumamosi nilikuwa kijiweni Soga, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja akawa anachekwa. Mwaka 2013 aliuza ekari mbili za mikorosho. Leo pale alipokuwa akiokota mabibo kumesimama vigingi vya viwanja, na bei anayoitaja dalali inatia kizunguzungu. "Huyu angekuwa tajiri," akasema kijana mmoja, "kakosa subira tu." Kijiwe kizima kikacheka. Mzee hakujibu. Aliendelea kubangua korosho zake, kidole gumba kimekuwa cheusi kwa mafuta ya maganda.

Kicheko kile hakijanitoka wiki nzima.

Baadaye nilimsogelea, nikamwamkia, nikakaa naye kwenye gogo. Kumbe mwaka ule mkewe alitakiwa kupasuliwa, na ndani hamkuwa na shilingi. "Treni nimezaliwa nimeikuta, mwanangu," akaniambia. "Nimeota mvi inapita, na shamba likabaki shamba." Kweli tupu. Reli ya Mjerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 ikipitia hapohapo Soga. Jiwe la msingi la reli hii mpya, iliyopandisha bei ya viwanja, liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili 2017, miaka minne baada ya mzee kuweka dole gumba lile kwenye karatasi ya mauziano. Na Rais Samia alipozindua treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, Agosti 1, 2024, pesa ya shamba ilishalipa hospitali zamani.

Utaniambia ardhi haiuzwi, wazee walituusia. Sawa. Ila usia huo naona huwatoka kwa urahisi zaidi wasio na mgonjwa ndani. Na ardhi ilipokuwa ya bei ya kutupwa, nani kati ya waliocheka alinunua hata robo ekari? Niliwauliza. Kila mtu akatazama kikombe chake.

Hatukuwa na akili kumshinda mzee. Habari zimetufikia tu baada ya yeye kuamua. Tukizipata tunaziita busara, kisha tunamchapa nazo mtu aliyeamua gizani, mgonjwa akilia chumba cha pili. Huo ni uonevu, hata ukisemwa kwa utani wa kijiweni.

Mkewe yuko hai. Ndiye aliyekuja magharibi kumwita akale.