Mabomba Matatu Matupu

Jioni ile, nondo za dari ya nyumba yangu zilipokuwa zimekwisha kufungwa, na mbao za kupokea zege zimekwisha kutandikwa juu ya miti ya kuegemeza, fundi umeme alinipandia ngazi akiwa na kipande cha chaki mkononi, akaniuliza swali ambalo, ijapokuwa lilikuwa swali la kazi yake wala si la elimu ya dini, liliniondolea usingizi kuliko mengi niliyopata kuulizwa na wanafunzi katika miaka yote niliyofundisha hapa Tanga.

"Mwalimu," akasema, "kesho zege linamwagwa. Niambie leo taa utaziweka wapi, na swichi wapi, na kulabu ya pangaboi wapi, maana likishakauka hatuna la kufanya ila kutindua."

"Weka katikati ya kila chumba, mwanangu, kama watu wote."

Akatikisa kichwa kwa adabu. "Kitanda kitakaa upande gani? Mlango utafungukia wapi, nisije nikaiweka swichi nyuma yake? Nawe ni mtu wa vitabu, Mwalimu: taa ya katikati humtupia msomaji kivuli chake mwenyewe juu ya ukurasa."

Nikatazama chini, na chini hapakuwa na chumba wala mlango wala ukurasa; palikuwa na msitu wa miti, na mchanga, na ndoo iliyosahauliwa. Juu ya utupu ule ndipo nilipotakiwa niseme mtu atalala wapi kwa ubavu wake wa kuume akiwa ameelekea kibla, mwanamke atatunga uzi katika sindano akiwa ameketi pembe ipi, na mgonjwa atalazwa mahali gani ili mwanga usimchome macho. Wazee wa Lamu, waliokuwa na chumba cha ndani wakikiita nyumba kati, ambamo mtoto alizaliwa na maiti akaoshwa, walijua kwamba nyumba huanzwa kufikiriwa tokea mambo hayo mawili. Nami, niliyejenga baada yao kwa saruji na chuma, nilikuwa sijayafikiri hata moja.

Hapo shaka ikaniingia. Mimi mja nisiyejua kama nitaifikia Ijumaa ijayo, niketi juu ya mbao niamue mwanga utakaowaangukia wajukuu ambao hawajazaliwa? Lugha yetu imerithi kwa Waarabu maneno mawili yaliyokaribiana masikioni hata mtoto huyachanganya: tadbiri na takdiri. La kwanza asili yake ni nyuma au mwisho wa kitu, kwa kuwa mwenye kutadbiri hulitazama jambo hata kisogoni mwake, aone litaishia wapi. La pili asili yake ni kipimo na uwezo, na kipimo hicho hatukikati sisi. Mja hutadbiri na Mungu hukadiria, ndivyo tunavyosema tukipeana pole, na tukiisha kusema hivyo huenda zetu kana kwamba ugomvi wa maneno hayo mawili umesuluhishwa.

Usiku ule nilikumbuka kitabu cha Ibn Ata'illah wa Iskandaria, shehe wa tarika ya Shadhiliya aliyefariki Kairo mwaka 1309, ambaye wafuasi wa tarika yake hawakosekani Kilwa wala Ngazija. Na nilipolikumbuka jina la kitabu chenyewe nilicheka peke yangu gizani, kwani kinaitwa At-Tanwir fi Isqat at-Tadbir, yaani kutia nuru katika kuiangusha tadbiri. Mimi nilikuwa nikitafuta kutia nuru kwa kuisimamisha! Ingalikuwa rahisi kukichukua kitabu kile kuwa hoja ya uvivu, nimwambie fundi aweke taa popote apendapo, kisha nijisifu kuwa nimetawakali. Lakini mwandishi mwenyewe ameigawa tadbiri mafungu mawili, ya kusifiwa na ya kulaumiwa, na anayoiangusha ni ile ya moyo unaojiona mwenye mamlaka ya kesho, ukihangaika kana kwamba hakuna mwingine aliyekwisha kuishughulikia. Kabla yake Imamu Ghazali, katika kitabu cha tawakali kilichomo ndani ya kitabu chake kikubwa, Ihya, alikwisha kumcheka mtu mwenye njaa aketiye mbele ya chakula asiunyoshe mkono, akidai kuwa anamngoja Mungu amlishe. Huo, kwake, ni wazimu na si tawakali. Basi chaki si dhambi. Dhambi, kama ipo, imo katika kudhani kwamba alama ya chaki imeifunga kesho.

Najua wako watakaosema kuwa ninaitwika waya mzigo wa elimu usioweza kuubeba. Huenda ni kweli. Lakini aliyelala chini ya dari ya zege iliyotinduliwa mara mbili, vumbi likimwingia puani na nondo zikichungulia, atanisamehe. Zege halina toba. Mafundi hulihesabia siku 28 kabla ya kuziamini nguvu zake, na lililozikwa ndani yake siku ya kwanza, bomba likiwa limepasuka au kisanduku cha taa kimejaa saruji, hukaa huko pamoja na aibu ya aliyelizika.

Tena liko jambo ambalo fundi yule alinionyesha jioni ile ile, na ambalo mpaka leo naliona kubwa kuliko yote. Taa hupata uhai kwa waya wa moto na waya wa kurudi, na swichi yapasa kuukata ule wa moto. Fundi mzembe akiukata ule wa kurudi, taa itawaka ukibonyeza na kuzimika ukibonyeza, mwenye nyumba atashukuru na kulipa, na hakuna jicho litakaloona tofauti, mpaka siku atakapopanda juu ya stuli kubadili globu akidhani kuzima ni kuzima, na kumbe volti 230 zimekaa katika kishikio zikimngoja. Mimi nilikuwa nimesomesha zahiri na batini kwa mifano ya unafiki na riya, lakini sikupata mfano ulio wazi kama huu: matendo mawili yaliyo sawasawa machoni pa watu, moja amana na moja khiyana, na mwamuzi kati yao amefichwa ndani ya ukuta. Daraja ya ihsani, ambayo ni kutenda mbele ya Asiyeonekana naye akuona, tumezoea kuitafuta msikitini. Kijana yule alikuwa nayo katika koleo lake, na sidhani kuwa alilijua jina lake.

Nikarudi kwenye aya ya 35 ya Sura ya Nuru, ambayo Ghazali aliitungia kitabu kizima akakiita Mishkati ya Nuru. Wafasiri wengi huikimbilia taa, na kioo, na mafuta ya mzeituni. Mimi safari hii nilisimama kwenye mishkati yenyewe, ambayo mzaliwa wa pwani hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa ndiyo kidaka alichokiona katika kuta za mawe za mababu zake. Kidaka hakichongwi baada ya taa kununuliwa. Mwashi hukiacha ukuta ukiwa unapanda, huacha utupu wenye kipimo, naye hajui kitakaa nini humo: taa, au sahani ya Kichina, au msahafu. Ghazali aliufananisha utupu huo na hisia za mwanadamu, milango ambayo kwayo mwanga hupata pa kukaa. Nami, kwa ufahamu wangu mdogo, niliona katika kidaka aina ya tadbiri isiyogombana na takdiri, tadbiri ya kuacha nafasi.

Kulipokucha nikamwonyesha fundi mahali pa kila taa, na taa ya kusomea nikaiweka kushoto kwa meza isiyokuwapo bado. Kisha nikamwomba alaze mabomba matatu zaidi ndani ya dari, yasiwe na waya wa taa wala wa soketi, bali uzi tu wa kuvutia.

"Yanakwenda wapi, Mwalimu?"

"Moja chumba cha uani, moja barazani, moja stoo. Ya nini, sijui."

Akanitazama kama mtu amtazamavyo mzee aliyeanza kusahau, lakini akayalaza, akayafunga kwa nondo, akaziziba ncha zake kwa vitambaa ili saruji isiingie. Na bei yake haikufika bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Mwaka wa nne shangazi yangu akaja kukaa kwetu, naye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Tukampa chumba cha uani kwa kuwa ndicho kilicho karibu na choo, na fundi akarudi, akauvuta ule uzi, ukaja na waya nyuma yake pasipo kutindua hata kipande. Ingawa nilisema sijui, moyoni nilikuwa nimeliwazia bomba lile kuwa la taa. Tulitia kengele, swichi yake ikakaa ubavuni mwa kitanda, na kila alfajiri kabla ya adhana shangazi huibonyeza mara moja, nami naamka kumpelekea maji ya udhu, na kwa muda mrefu nilikwenda gizani, maana sikuwa nikikumbuka kuwasha taa.