Wizi wa Kilicho Changu

Je, mtu anaweza kuiba kitu ambacho tayari ni chake? Ningeulizwa mwaka juzi ningecheka. Desemba iliyopita nilipata jibu, nikiwa nimekaa mezani nyumbani kwetu Litein na laptopu ya zamani.

Mama aliinunua ikiwa mtumba, kwa pesa za bonasi, nilipopata nafasi chuoni. Kama umekulia upande wa Kericho ama Bomet unajua bonasi si zawadi. Ni kuamka na umande, kuchuma majani mawili na chipukizi, kubeba hadi kituo cha kununulia chai, kisha kungoja mizani. Ndiyo maana nikifika nyumbani kazi yangu ya kwanza huwa kuingiza hesabu za mama kwenye laptopu, kilo kwa kilo, siku kwa siku, tuzilinganishe na malipo. Mama hasamehi hata nusu kilo. Na mimi namuunga mkono.

Sasa, mwaka wa kwanza chuoni mashine iliingiwa na virusi, nikampelekea fundi. Nililipa mia tano. Akanirudishia ikiwa na Windows Pro, safi kabisa, na onyo moja: "Brathe, usiwashe antivairasi. Hiyo ni ya kukraki." Sikushtuka. Kati yetu nani hushtuka?

Desemba ndiyo ikaanza vituko: kujizima ovyo, kufungua matangazo ya kamari yenyewe, mbele ya mama. Nikaamua kufuta kila kitu na kuweka Windows upya kwa mikono yangu. Nilinakili hesabu za mama kwanza. Nikapakua faili ya Microsoft ya zaidi ya GB 4, jambo ambalo kwa bando si mchezo, nikaiweka kwenye flashi. Nilijua nitakwama pale itakapoitisha namba ya leseni.

Haikuitisha. Ilichagua Windows 10 Home yenyewe, na nilipounganisha intaneti ikaandika kwamba imeidhinishwa kwa leseni halali. Kumbe kiwandani waliiandika namba ya leseni ndani ya mashine yenyewe. Leseni ya aina hiyo imefungwa kwa mashine, haijafungwa kwa mtu. Laptopu ikiuzwa, inahama nayo. Mama alikuwa ameilipia siku ile alipotoa pesa ya bonasi. Miaka yote hiyo nilitumia ya wizi juu ya ya halali, na wizi wenyewe niliulipia mia tano.

Nilirudi kwa fundi kumweleza. Alicheka sana. "Boss, Microsoft wanajua Litein iko wapi? Na hiyo Windows 10 yenyewe, Oktoba 2025 waliacha kuipa masasisho ya kawaida. Unalinda nini?"

Hoja zake si za kupuuzwa. Bill Gates alipoandika barua yake ya wazi ya Februari 1976, akilalamika kwamba wapenda kompyuta wengi wanaiba programu, alikuwa kijana wa miaka 20 mwenye kampuni changa. Leo kampuni hiyo ni miongoni mwa tajiri zaidi duniani, na leseni mpya inaweza kukaribia bei ya laptopu kuukuu kama yangu. Mimi pia siwezi kuililia. Na ni kweli, leseni yangu haikunipa uzima wa milele; Windows 11 haikubali prosesa ya mashine hii. Nikitaka kuendelea salama huenda nitahamia Ubuntu, mfumo wa bure uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004 na ambao jina lake, kwa lugha za kusini mwa Afrika, ni utu.

Lakini hoja ya "wao ni matajiri" haielezi kilichonipata. Hakuna tajiri niliyempunguzia kitu. Leseni ilikuwa imeshalipwa. Umaskini pia haukunilazimisha, kwa sababu njia halali ilikuwa bure, na Ubuntu nayo ilikuwa bure. Kilichonipeleka kwenye kukraki ni kitu kingine: nilishajihesabu mapema kuwa mtu wa mlango wa nyuma. Sikuuliza kama ule wa mbele umefungwa. Fundi naye hakuuliza. Sote wawili tuliamini kwamba kitu halali hakiwezi kuwa cha mtu kama mimi.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko sheria. Ukizoea kupita nyuma, unaacha kujua una haki gani, na mtu asiyejua haki yake ni rahisi kumpunja. Mama anadai nusu kilo yake kwa sababu anajua alichopima nyumbani kabla ya kufika kituoni. Mimi sikuwa nimepima chochote.

Jioni nilimweleza mama yote, kwa Kiswahili na Kikipsigis, kwa sababu neno leseni lilimchanganya kidogo. Alisikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hivyo," akasema, "tulimlipa yule kijana atuibie kitu chetu?"

"Ndiyo, mama."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia nifungue zile hesabu za kilo, niangalie kama zote bado ziko.