ELIYA ALILALA KWANZA
Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Mwaka jana mama mmoja mzee wa kanisa letu alinijia baada ya ibada. Akasema, "Mchungaji, usingizi umenikimbia. Nalala saa tatu, saa nane niko macho mpaka jogoo awike." Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea, kwamba adui anamjaribu, afunge siku tatu na aje kwenye mkesha wa Ijumaa. Alikuja. Mtu asiyelala nikamwongezea usiku mwingine wa kutolala! Baada ya majuma machache akaacha kanisa, akaacha hata kishamba chake cha maharage. Binti yake akaniambia mama anasema afadhali Mungu amchukue.

Ndipo nikafungua tena habari za Eliya. Yeye naye alikuwa mkimbizi. Yezebeli alitafuta roho yake, akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake iko wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akala, akalala tena. Ni baada ya kulala mara ya pili ndipo alipotajiwa safari, na mazungumzo yenyewe yalingoja mpaka Horebu, mwendo wa siku arobaini.

Wapendwa, kukosa usingizi huleta huzuni, na huzuni nayo hufukuza usingizi. Sisi husema, "Ni uzee tu." Kweli, usingizi wa mzee huwa mwepesi, naye huamka mapema. Lakini kukesha majuma kwa majuma si uzee. Na mzee mwenye ugonjwa wa huzuni, ambao waganga huuita sonona, si lazima alie. Mara nyingi hulalamikia mgongo, tumbo na uchovu, nasi tunampa dawa ya maumivu.

Mwaka 2021 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walitangaza habari za watu 291 wa miaka 60 na zaidi, waliokosa usingizi lakini bado hawakuwa na sonona. Zaidi kidogo ya nusu yao walifundishwa kwa miezi miwili jinsi ya kurudisha usingizi: kuamka saa ile ile kila siku, na kutobaki kitandani wakihangaika. Wengine walipewa elimu ya kawaida tu juu ya usingizi. Katika miaka mitatu, wale wa kwanza walioshikwa na sonona walikuwa kama 12 katika kila 100. Wale wengine, karibu 26.

Kwetu liko na jambo jingine. Wengi tulitoka makwetu usiku. Mbwa akibweka, mzee anakaa kitandani akisikiliza nyayo. Akitoka nje kutembeatembea, jirani anasema anaroga. Neno hilo lisisikiwe tena kati ya watu wa Mungu! Huyo ni mgonjwa, apelekwe kituo cha afya. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Wala msimnunulie vidonge vya usingizi dukani, maana vinaweza kumwangusha mzee akiamka gizani, na mfupa wa nyonga ukivunjika ni taabu kubwa.

Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba msamaha, kisha tukaenda kituoni pamoja na binti yake. Sasa binti humwamsha saa kumi na mbili, wanaota jua mlangoni, na mchana halali. Usiku hufika saa kumi, si kila siku. Maharage amepanda tena.

Mkesha wa Ijumaa hii utaanza saa kumi na mbili jioni. Wazee wataombewa kwanza, kisha vijana wawasindikize nyumbani kabla ya saa tatu, wakalale.