Kuhitajika si Kuheshimiwa

Kila Jumamosi nafundisha watoto 12 kupiga fidla. Wengi wameshika uta kwa miezi michache tu. Mwaka huu nilitaka wapige wimbo ambao wote wanaujua kutoka kwa zile filamu za simba: "The Lion Sleeps Tonight", ulivyoimbwa na The Tokens mwaka wa 1961. Sauti moja inapaa juu, nyingine zinarudia kitu kimoja chini yake bila kuchoka.

Kuupanga kwa fidla si kazi ngumu. Una kodi tatu tu (za muziki, si za nyumba), nazo huzunguka hivi: D, G, D, A. Hata mtoto ambaye bado hajui kubonyeza kidole anaweza kushiriki. Anapiga uzi mtupu wa D mara tatu, wa A mara moja, kisha anarudia. Noti ya D imo ndani ya kodi ya D na ya G pia, kwa hivyo hawezi kukosea.

Melodi niliwapa watatu walio mbele kimasomo. Msichana mmoja wa nyuzi tupu, miaka 9, akaniuliza, "Mwalimu, na wimbo wangu mimi uko wapi?"

Nikamjibu vile nilivyokuwa nikijibiwa mimi, sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa: "Bila wewe, wimbo unaanguka." Nikanyamazisha sauti za chini ili asikie. Melodi ikabaki peke yake, nyembamba kama uzi. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakutabasamu.

Nilikuwa nimesema ukweli. Mbona basi jibu langu likaninyima usingizi?

Ni kwa sababu naijua historia ya wimbo huo. Ulitoka kwa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka wa 1939 na kikundi chake, Evening Birds, ukiitwa "Mbube", yaani simba. Ulizunguka dunia ukatajirisha wengine. Yeye alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilibidi iende kortini, na makubaliano ya malipo yakapatikana 2006.

Sasa niambie, Linda hakuhitajika? Bila yeye hakuna wimbo kabisa. Ndiyo maana siamini tena ile sentensi yangu. "Bila wewe hatuwezi" ndiyo mama wa nguo, soja wa geti na mtu wa mjengo huambiwa kila siku, tena na watu ambao hawawezi kubadilishana nafasi nao hata kwa saa moja.

Sisemi kila mtu apige melodi. Wote wakipanda juu, nani atashika chini? Ila ukiniambia nafasi ya chini ina heshima, nionyeshe zamu yako ya kukaa hapo.

Nikaupanga wimbo upya. Kila baada ya mizunguko minane, wanabadilishana. Wale wa nyuzi tupu niliwaandikia kipande cha juu kinachohitaji vidole viwili tu.

Siku ya onyesho, kipande cha yule msichana kilikwaruza. Mzazi mmoja akaniambia ingetoka safi kama wale watatu wangebaki na melodi. Ni kweli, ingetoka safi.

Baadaye mmoja wa wale watatu alinijia akijinyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe hii ya chini huchosha hivi?"