Usalama wa Nani?

Ukiendesha pikipiki ya magurudumu manne juu ya ziwa lililoganda kule Sweden, tairi la kawaida halikufai. Unakata kona, yenyewe inaenda moja kwa moja. Ndiyo maana watu hupachika kwenye matairi misumari mifupi yenye ncha ngumu ya kabaidi. Inauma barafu, na chombo kinatii. Ziwani sioni kosa. Barafu iliyochimbwa itayeyuka tu baridi ikiisha.

Shida inaanza kwenye lami kavu. Hapo misumari ya aina hiyo, hasa ya magari, husaga mawe yaliyomo kwenye lami yakawa vumbi laini la kuingia mapafuni. Mwaka 2010 Stockholm ilipiga marufuku matairi ya misumari katika mtaa wa Hornsgatan. Oslo yenyewe hutoza ada.

Watetezi wake wanasema usalama kwanza. Sawa, lakini wa nani? Dereva anajikinga na ajali ambayo huenda isitokee. Mpita njia anavuta vumbi kila siku, wala hakuulizwa. Ada nayo hainiridhishi: ni kununua ruhusa ya kuchafua, na mwenye mapafu hapewi hata senti. Bora marufuku. Wa kijijini, ambaye barabara yake ni barafu tupu miezi kadhaa, anabaki na misumari yake, na wa mjini anaambiwa apite mtaa mwingine.

Ila, jamani, mtaa huo mwingine nao una watu.