Nani Ana Haki ya Kuitunza Elimu?

Mnamo Aprili 2015, Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu katika Wizara ya Afya ya Liberia, alichapisha pamoja na wenzake wawili makala katika gazeti la New York Times. Walibainisha kwamba tangu mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani walikwisha kuandika, katika jarida la virusi la Ulaya, kuwa Liberia yapasa kuhesabiwa miongoni mwa nchi zenye Ebola. Onyo hilo halikuwafikia waliolihitaji. Kuipakua makala hiyo kungegharimu dola 45, takriban nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa Liberia. Bei haikuwa kizuizi pekee, wala hatuwezi kudai kwamba kuisoma kungezuia vifo vyote. Hata hivyo, damu iliyopimwa ilikuwa ya Waliberia, na matokeo yake yakawa bidhaa ambayo Waliberia hawakuweza kuinunua.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapozuka: je, kuinakili makala ya kisayansi bila idhini ya mchapishaji ni wizi, au ni kurejesha amana kwa wenyewe?

Mwaka 2011 Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan alianzisha Sci-Hub, maktaba inayotoa makala bure bila ruhusa. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru kampuni ya Elsevier ilipwe fidia ya dola milioni 15. Kesi nyingine ilipofunguliwa Delhi mwishoni mwa 2020, ilidhihirika kwamba hazina yote yaweza kutoweka kwa amri moja. Kwa hiyo, mwezi Mei 2021, watu wa kujitolea walianza kuigawana kwa njia ya torenti: makala zipatazo milioni 85, zenye ukubwa wa terabaiti 77 hivi. Katika mfumo huo faili hukatwa vipande, kila kipande hupewa alama ya hesabu inayothibitisha kuwa hakikubadilishwa, na kila apokeaye huwagawia wengine. Hakuna kitovu cha kufungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Busara hii si ngeni kwetu. Tendi za Pate na Lamu zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, katika nyumba mbalimbali. Karatasi ililiwa na mchwa na unyevu, lakini utendi wenye wanakili wengi ulikuwa na matumaini zaidi ya kuishi. Nao wakutubi wa Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha mwaka 1999 mradi wa LOCKSS, unaosambaza nakala za majarida katika maktaba nyingi kwa idhini ya wachapishaji. Basi kutawanya nakala si kosa. Mgogoro uko kwenye idhini.

Na idhini ni ya nani? Mtunzi wa riwaya huuza kazi yake apate riziki. Kumnakili ni kumnyang'anya. Mwandishi wa makala ya kisayansi halipwi na jarida, na anayeipitia kwa kawaida halipwi pia. Utafiti wenyewe mara nyingi hugharimiwa na umma. Mchapishaji ana kazi yake ya kuhariri na kupanga, na anastahili ujira. Ila ujira wa kazi ni jambo moja, na umiliki wa milele wa kilichogunduliwa ni jambo jingine.

Hata hivyo, nakala zilizotawanyika zina hatari zake. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilifuta makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji. Nakala iliyo kwenye diski ya mtu haipati habari ya kufutwa huko. Alama ya hesabu huthibitisha kuwa herufi hazikubadilika; haithibitishi kuwa maneno ni kweli. Aidha, majarida madogo ya vyama vya wanataaluma, yanayoishi kwa ada za wasomaji, yaweza kufa kabla ya makampuni makubwa hayajatikisika.

Kwa sababu hiyo siwezi kuifanya Sci-Hub kuwa kielelezo, ingawa nashindwa kumlaumu daktari anayeitumia. Maktaba ya umma haiwezi kusimama juu ya nakala ambazo sheria yaweza kuzitwaa wakati wowote. Njia imara zaidi ni kuibadili sheria. Tangu 2014, Ujerumani humpa mwandishi wa utafiti uliogharimiwa walau nusu na fedha za umma haki ya kuiweka wazi makala yake miezi 12 baada ya kuchapishwa, hata kama mkataba unasema vinginevyo. Haki kama hiyo ikiwepo, terabaiti 77 ni diski chache ambazo mkutubi wa Dodoma au Bukavu anaweza kuzibeba mkononi, pamoja na orodha ya makala zilizosahihishwa au kufutwa.

Mpaka hapo, sisi tunaofundisha katika vyuo vya ughaibuni tusijifiche nyuma ya sheria. Majarida mengi huruhusu mwandishi kuweka toleo lake lililokubaliwa katika hifadhi ya chuo chake. Asiyefanya hata hilo hana haki ya kumnyooshea kidole anayenakili.