Kijana, Ngoma na Rika Lake

Asubuhi za Lufingo, kwetu Unyakyusa, ukungu unapong'ang'ania migombani mpaka saa tatu, ngoma haisemi. Ngozi imelegea kwa unyevu, ukiipiga inatoa sauti ya mtu mwenye usingizi. Mpwa wangu alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Hukusanya majani makavu ya migomba, akawasha moto, akaielekeza ngozi kwenye joto huku akiigusa kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka iitike. Ukizidisha, inapasuka. Alikuwa na miaka saba hivi nilipomwona akifanya hivyo peke yake, na babu yake hakuona la kumrekebisha.

Basi akakua hivyo, bila kurekebishwa. Kwenye harusi alituzwa noti, mama zake wakampigia vigelegele, na sisi wajomba tukarudia kwamba kipaji ni cha Mungu. Tulimpenda, na katika kumpenda tukamnyima kitu. Watu waliposhangilia, alikuwa anaongeza mwendo. Wachezaji walianza kuhema, wanawake wazima wakakosa hatua, naye hakuwaona kwa sababu alikuwa anasikiliza shangwe. Mimi niliona. Nikanyamaza.

Alipopata nafasi Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, nilifurahi nikiwa na hofu. Kule vijana hutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja kwao alikotoka ni bingwa. Wiki ya pili akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Wamenipa chapuo."

Chapuo ni ngoma ndogo inayorudia pigo lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, wakati msondo, ngoma ile ndefu, unatembea unakotaka na kusifiwa. Nikadhani ndicho kinachomuuma. Kumbe sivyo. Kilichomkosesha usingizi ni binti wa darasa lake, wa umri wake, aliyemwambia mbele ya wenzao: "Unakimbia. Tusubiri."

Nimelitafakari neno hilo la binti kwa muda mrefu, na kila mara linanirudisha kwetu. Kinyakyusa kina neno ukwangala: kukaa na wenzako wa rika, kula nao, kuzungumza nao, kutaniana nao kwa heshima. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alikipa kitabu chake cha 1951 jina linalobeba maana hiyo. Zamani hizo mvulana wa miaka kumi au kumi na moja alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda na wenzake katika kijiji chao wenyewe. Shamba la baba aliendelea kulilima, na chakula walikula kwa akina mama zao, kundi zima likipita nyumba hadi nyumba. Wazee waliamini kwamba akili na adabu mtu huzipata kwa wenzake. Mzazi atakulisha na kukuombea, lakini kuna mambo ambayo upendo wake hauwezi kuyatamka.

Vijiji vya rika vimekwisha, na sivililii vyote. Lakini naona mabaki yake kila mahali vijana wanapopanga mstari kupiga ngoma. Hapo chini ziwani Nyasa kuna ngoma iitwayo mganda, mtoto wa beni, ngoma ile ya pwani ambayo askari na wapagazi waliisambaza bara wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wanaume hujipanga kama wanajeshi, wakipuliza vibuyu nyuma ya ngoma kubwa, na kijiji hushindana na kijiji. Lamu na Mombasa, mashindano ya beni yaliwahi kuwasha watu mpaka wakatapanya mali ili kundi la pili liaibike. Sisemi ushindani ni mbaya. Bila mpinzani wa ng'ambo wengi wasingefanya mazoezi. Ila kinachonigusa mimi kinatokea kabla ya siku ya mashindano, bila watazamaji: mtu wa kulia kwako anakuambia umechelewa, wa kushoto anakuambia umekimbia, nawe unakubali kwa sababu kesho utasimama katikati yao.

Desemba alikuja likizo. Siku ya pili tulikuwa uani, ukungu bado mzito, yeye amechuchumaa akikanza ngoma ya babu yake. Ameota ndevu chache. Alikuwa akiigusa ngozi kwa kiganja kilekile, ila polepole kuliko zamani.

"Mjomba," akasema bila kunitazama, "ile miaka yote nilikuwa nakimbia. Hukuwahi kusikia?"

"Nilisikia."

Akaongeza jani motoni. Hakusema neno, wala mimi sikujitetea. Tulikaa hivyo mpaka ngozi ikaanza kuita.